Nukta, Mkato na Namba Zinazopotea Kimyakimya

Mwanafunzi wa Nairobi akiandika tatu na robo kwa desimali, ataandika 3.25. Mwenzake wa Lubumbashi, aliyesoma kwa taratibu zilizoachwa na Wabelgiji, ataandika 3,25. Wote wawili wamepata. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, ambao ndio wenye kauli ya mwisho duniani kuhusu vipimo, ulikubali alama zote mbili. Hata CLDR, hazina ya Unicode inayotumiwa na simu na kompyuta nyingi kujua desturi za kila eneo, inakipa Kiswahili cha Kenya na Tanzania nukta, na Kiswahili cha Kongo mkato.

Kwenye kumbukumbu ya kompyuta hakuna nukta wala mkato. Namba ya desimali kwa kawaida hukaa humo kama biti 64, na biti hizo ni zilezile Nairobi na Lubumbashi. Shida huzuka pale namba inapogeuzwa kuwa maandishi, au maandishi yanapogeuzwa kuwa namba. Msimbo wa lugha ya C huandikwa kwa nukta popote pale, na kompaila husoma nukta hiyo bila kuuliza mtumiaji yuko nchi gani. Ndiyo maana programu hukompailiwa bila onyo lolote, kisha ikakosea mikononi mwa mtumiaji.

Kwa kanuni ya C, kila programu huanza kazi ikiwa katika mazingira yanayoitwa “C”, na humo desimali ni nukta. Hali hubadilika programu inapoita funksheni ya setlocale na kuiagiza ifuate mipangilio ya mwenye kompyuta. Kuanzia hapo, ikiwa mipangilio hiyo ni ya Ujerumani au Ufaransa, printf itaandika 3,25, na strtod, inayosoma namba kutoka kwenye maandishi, itatarajia mkato.

Chukua faili lenye latitudo ya Lubumbashi, -11.66. Ikisomwa na strtod chini ya mipangilio ya Ufaransa, funksheni hiyo itachukua -11, ikutane na nukta isiyoitambua, isimame na kurudisha -11 kama jibu halali. Hakuna ujumbe wa kosa, na programu haikatiki. Nyuzi 0.66 za latitudo ni kilomita zipatazo 73, kwa hiyo mji umehamishwa umbali huo kuelekea kaskazini, na ramani bado inapendeza machoni. Funksheni hiyo huonyesha iliishia wapi kusoma, lakini waandishi wengi wa programu hawaangalii. Kwa maoni yangu huo ndio uzembe mkubwa kuliko wote katika suala hili, kwa sababu kosa linaloisimamisha programu hurekebishwa siku hiyohiyo, ilhali hili linaweza kukaa ndani ya data kwa miaka.

Kwenye .NET, jukwaa la programu la Microsoft, mambo ni mabaya zaidi. Kwa Wajerumani nukta hutenganisha maelfu, hivyo double.Parse ikipewa “-11.66” chini ya mipangilio yao hurudisha -1166.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba huenda hawakuita setlocale wao wenyewe. Maktaba za kuchora madirisha, GTK na Qt, huiita kwa niaba yao programu inapoanza kwenye Linux. Msimbo uliofanya kazi vizuri kwenye terminali unaanza kukosea mara tu unapowekewa dirisha na vitufe. Mabadiliko hayo pia ni ya programu nzima. Ukibadilisha mipangilio kwa muda ili usome faili moja, sehemu nyingine inayofanya kazi sambamba inaweza kuandika namba zake katikati ya mabadiliko hayo. Njia hiyo ya mkato siipendekezi kwa yeyote.

Sisemi mkato upigwe marufuku. Mfanyabiashara wa Lubumbashi ana haki ya kuona 3,25 kwenye skrini yake, na programu inayomlazimisha kuandika nukta haijamjali. Linalotakiwa ni kutenganisha kazi mbili. Namba anayoiona mtu ifuate desturi ya mtu huyo. Namba inayokwenda kwenye faili, kwenye mtandao au kwa programu nyingine ifuate kanuni moja isiyobadilika. JSON, kwa mfano, hukubali nukta pekee. Python husoma kwa nukta kupitia float bila kujali eneo. Java husoma kwa nukta kupitia Double.parseDouble, ingawa String.format yake hufuata eneo, na hapo wengi hunaswa. Kwa C++ kuna from_chars na to_chars tangu toleo la 2017, zisizogusa mipangilio ya eneo hata kidogo. Kwa .NET kuna InvariantCulture.

Ukiandika programu, kabla hujaikabidhi iendeshe ukiwa umeweka kigezo cha mazingira LC_ALL kuwa de_DE.UTF-8, yaani mipangilio ya Ujerumani, kisha ulinganishe mafaili inayotoa na yale ya kawaida. Hakikisha kwanza mipangilio hiyo imesakinishwa kwenye mashine yako, kwa sababu isipokuwepo setlocale hurudisha jibu tupu, programu inabaki kwenye “C”, na jaribio linafaulu bila kupima chochote.