MAGARI: Kompresa mpya hufa upesi pale mfumo usiposuuzwa

Wenye teksi na wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani wanajua kwamba katika joto la Dar es Salaam au Mombasa kiyoyozi kibovu hushusha bei ya gari. Hata hivyo, wengi wao hukubali kulipia kompresa mpya na kugoma kulipia usuuzaji wa mfumo. Hapo ndipo fedha inapotoka mfukoni mara mbili.

Kompresa ikisagika, chembe za chuma huchanganyika na oili na kusafiri na gesi hadi kwenye mabomba, kondensa na vali ya ekspansheni. Fundi akifunga kompresa mpya bila kuondoa uchafu huo, unarudi na kuisaga nayo. Mwenye gari hudhani ameuziwa kipuri bandia, na ugomvi huhamia dukani. Aidha, watengenezaji kadhaa wa kompresa hawatambui dhamana pasipo uthibitisho kwamba mfumo ulisuuzwa na kichujio cha unyevu, ambacho mafundi hukiita draya, kikabadilishwa.

Kazi huanza kwa kutoa gesi kwa mashine ya kuikusanya. Gesi ya R-134a, iliyomo katika magari mengi ya mitumba, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikimrukia mtu huweza kugandisha ngozi na kuharibu macho. Kuiachia hewani ni hasara nyingine, kwani kilo moja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoanza kutumika Januari 2019, yanapunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Gereji yenye mashine ya kukusanya inajiwekea akiba.

Kompresa, draya na vali hufunguliwa na kuwekwa pembeni, kwa kuwa dawa ya kusuuzia haipitishwi humo. Mabomba na evapareta husuuzwa kimoja kimoja, kinyume na mkondo wa gesi, hadi dawa itoke safi. Kondensa za kisasa zenye vijitundu vyembamba hazisafishiki vya kutosha. Chembe zikiingia humo ni kununua nyingine, hata kama bei inauma.

Petroli ni rahisi kuliko dawa, lakini mvuke wake hulipuka na mabaki yake huharibu oringi. Oksijeni ya wachomeleaji ni hatari zaidi: ikikutana na oili chini ya shinikizo huweza kulipuka. Upepo wa mashine ya kujazia matairi nao hubeba maji. Kinachotakiwa ni naitrojeni kavu yenye regulata, miwani, glavu, mahali penye hewa, na pasipo moto.

Usuuzaji huondoa na oili yote, kwa hiyo hurudishwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Wenye magari ya haibridi wawe macho hapa. Kompresa zao nyingi zinaendeshwa kwa umeme wa volti nyingi na hutumia oili maalumu isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ya PAG, hata kidogo, huweza kuvujisha umeme na kuzima mfumo. Baada ya hapo pampu ya vakyumu huachwa ifanye kazi nusu saa au zaidi, kisha gesi hujazwa kwa kupimwa uzito, si kwa kukisia.

Si kila gari linahitaji gharama hii. Bomba lililotoboka likibadilishwa mapema, oili ikiwa bado safi, kusuuza ni kupoteza fedha. Mteja amwombe fundi amwonyeshe oili iliyotoka kwenye kompresa: ikiwa nyeusi au inameta kwa chembe za chuma, usuuzaji na uandikwe kwenye ankara kabla kompresa mpya haijatolewa boksini.