Zebaki katika Matope ya Mto Mara

Mto Mara hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia katika Ziwa Viktoria. Katika wilaya hizo wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu kutoka katika mawe yaliyosagwa. Sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika mchanga uliooshwa, na mvua huikokota hadi vijitoni.

Metali hii haiozi. Hushikamana na chembe za udongo, nazo hutuama mahali mkondo unapopungua nguvu, kama vile katika vinamasi vya mafunjo karibu na ziwa. Hivyo maji yaweza kuonekana safi, hali tope la chini limebeba sumu. Katika tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia katika wadudu wa majini, kisha samaki wadogo, kisha wakubwa, ikizidi kila hatua. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na samaki wa namna hiyo ulitambuliwa mwaka 1956. Uliharibu ubongo, hata wa watoto waliokuwa bado tumboni.

Basi mchanga wa dhahabu usioshwe mtoni, bali katika shimo lililosakafiwa, mbali na maji. Usalama wa mvuvi huanzia machimboni.