Mstari wa Jibu Usiokimbia

Umetumiwa fomu ya maombi ya kazi kwa barua pepe. Imeandikwa "Jina kamili", kisha vistari vya chini vimepangwa hadi ukingoni mwa ukurasa. Unabofya juu ya vistari, unaanza kuandika, navyo vinaanza kukimbia. Vinasogea kulia, vinamwagikia mstari wa pili na kulisukuma chini swali linalofuata. Ukifika swali la 10, fomu ya ukurasa mmoja imeshakuwa kurasa mbili. Wengi hapo hujiona hawajui kompyuta. Si kweli: kosa ni la fomu yenyewe.

Mazoea haya tumeyarithi kutoka kwenye taipureta. Huko mstari ulikuwa wino uliokwisha kutua kwenye karatasi, hivyo ukipiga herufi juu yake hakuna kinachosogea. Lakini katika programu za kuandikia, kama Microsoft Word na LibreOffice Writer, kistari cha chini ni herufi kamili, sawa na a au b. Ukiingiza herufi nyingine kabla yake, kinajisogeza kuipisha, kama abiria wa kiti cha nyuma kwenye daladala.

Ukiletewa fomu ya namna hiyo, usihangaike kufuta kistari kimoja kimoja. Teua vistari vyote vya jibu hilo, andika jibu lako, vyenyewe vitatoweka. Kisha teua ulichoandika na ubonyeze Ctrl pamoja na U ili kipigiwe mstari chini. Wapo wanaotumia kitufe cha Insert, ambacho hufanya kila herufi mpya ifute iliyo mbele yake. Katika Word huenda kisifanye kazi mpaka ukiruhusu kwenye mipangilio. Na kwa kuwa katika mwandiko kama Times New Roman herufi i ni nyembamba kuliko kistari, na m ni nene zaidi, mwisho wa mstari bado utasogea kidogo.

Dawa ya kweli iko kwa anayetengeneza fomu. Kwa majibu mafupi, tumia kitufe cha Tab. Katika Word, andika swali, fungua Paragraph kisha Tabs, weka kituo, yaani mahali mstari utakapoishia, kwenye sentimita 15, chagua Right, halafu chagua mstari namba 4 kati ya aina zilizoorodheshwa. Bonyeza Set, kisha OK. Ukirudi kwenye ukurasa, bonyeza Tab mara moja tu, na mstari utajichora hadi kituoni. Mtu akiandika kabla yake, mstari unapungua kadiri jibu linavyoongezeka, na mwisho wake haubanduki.

Kwa majibu marefu, hakuna kinachoshinda jedwali la safu mbili: swali kushoto, jibu kulia. Ondoa mistari yote ya jedwali, ubakize ule wa chini ya kila kisanduku cha jibu. Jibu litakaa juu ya mstari, na likizidi, kisanduku kitarefuka kwenda chini bila kuvuruga safu ya maswali.

Fomu ya kuchapwa na kujazwa kwa kalamu haidhuriwi na vistari. Ile ya kujazwa kwenye kompyuta, ijaribu mwenyewe kabla hujaituma: andika jina refu kuliko yote unayoyajua. Mstari ukitulia, itume.