Karani wa Langoni Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Msomaji wa Lunga Lunga mwenye duka la saiba anauliza: kompyuta yake ya Windows XP inakula data hata pasipo mteja, nayo Wireshark mpya, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao, haikubali kuingia humo. Je, toleo la zamani litamfaa kuchunguza inazungumza na nani?

Litamfaa. Tawi la 1.10 la mwaka 2013 ndilo la mwisho kuihudumia XP rasmi, nalo huja na WinPcap 4.1.3, programu ya kunasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni. (Nasema pakiti makusudi: kifurushi, ukishavuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania, ni bando.) Kusakinisha hakuna maajabu. Ajabu ni kwamba mashine dhaifu hivyo hunasa bila kuelemewa.

Siri ni BPF, kichujio cha pakiti walichokieleza Steven McCanne na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, mwaka 1992. Tuseme mkuu wa forodha anataka nakala za hati za malori ya machungwa ya Muheza peke yake. Karani mzembe atatoa nakala ya kila hati, azibebe zote hadi ofisini, kisha mkuu atupe karibu zote. Karani wa BPF hukaa langoni. Hasomi hati nzima. Anatupia jicho mstari mmoja. Si machungwa? Lori lipite, nakala isitolewe. Ni machungwa? Anatazama mstari wa pili, kisha wa tatu. Hakuna lori linalozuiwa, na mashine ya nakala haichoki.

Lango hilo ni kiini cha mfumo endeshi. Ukiandika “port 53” kwenye sehemu ya kichujio cha kunasa, maneno hayo hugeuzwa kuwa amri fupifupi. Kwa pakiti ya IPv4, karani husoma baiti ya 12 na ya 13, akihesabu kuanzia sifuri: je, ni 0800 ya heksadesimali, alama ya IPv4? Kisha baiti ya 23: 17 ni UDP, 6 ni TCP. Halafu, kwa kuwa kichwa cha pakiti hakina urefu mmoja, huchukua nusu ya baiti ya 14, huizidisha kwa 4, na papo hapo anajua namba ya bandari (port) imekaa wapi. Amri zake huruka mbele tu, hazirudi nyuma, hivyo hawezi kuzunguka milele. Muundo huo ulikuwa na kasi hadi mara 20 ya ule uliotangulia.

Bandari 53 ndiyo ya DNS, huduma ya kutafuta anwani za majina ya tovuti, kwa hiyo msomaji wetu ataona majina ya tovuti ambazo kompyuta yake inaziulizia.

XP haijapata viraka vya kawaida vya usalama tangu Aprili 2014, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini. Basi nasa saiba ikiwa imefungwa, hifadhi faili, ichomoe mashine mtandaoni, kisha lifungue faili kwenye kompyuta mpya: Wireshark ya leo hulisoma bila shida.