Watoto wanaomba somo lote, si nusu

Katika programu ya masomo ya nchi yetu kuna somo linaloitwa « Éducation à la vie », ni kusema mafundisho ya maisha. Wanafunzi wa sekondari ninaokutana nao hapa Kalemie wananiambia jambo moja: mwalimu anafundisha usafi na heshima, anafika kwenye ukurasa wa mimba, anageuza haraka. Sasa vijana wenyewe wanasema wazi kwamba wanataka somo lote.

Darasani kwangu waliomba sanduku la maswali, kila mtu aandike bila jina. Nilingojea michezo na matusi (mnawajua watoto wa miaka 15). Haikuwa hivyo. Mmoja aliuliza kama msichana anaweza kupata mimba mara ya kwanza. Ndiyo, anaweza. Mwingine aliuliza kama kujiosha ziwani mara moja baada ya tendo kunazuia mimba. Hapana, hakuzuii. Na karatasi moja, kwa maandishi madogo sana: « Anayenilipia minervali anasema sasa nimrudishie. Nifanye nini? »

Mtoto huyo angehitaji kujua sheria. Sheria ya Julai 2006 juu ya jeuri za kingono inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto: mwanaume akilala naye ni ubakaji, hata kama mtoto alisema ndiyo. Na tangu Kodi ya Familia ilipobadilishwa mwaka 2016, hakuna ndoa chini ya miaka 18, kwa msichana wala kwa mvulana. Angehitaji pia kujua kwamba aliyebakwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Wamama wangapi kati yetu tunalijua hilo?

Ninaelewa woga wetu. Tunasema: tukimfundisha, tunamfungulia mlango. UNESCO ilikusanya uchunguzi wa nchi nyingi, na mwongozo wake wa 2018 unasema mafundisho haya hayawasukumi vijana kuanza mapema. Yanasaidia wangoje na wajilinde. Upande wa kunyamaza tuna hesabu yetu wenyewe: uchunguzi wa afya uliofanywa Congo mwaka 2013-2014 ulikuta wasichana 27 kwa kila 100 wenye miaka 15 mpaka 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba.

Na somo lote halimaanishi kumwambia mtoto mdogo mambo ya wakubwa. Mdogo anajifunza majina ya sehemu za mwili wake na kwamba hakuna mtu, hata mjomba, wa kumshika pale. Wa miaka 10 au 11 anajifunza juu ya damu ya mwezi kabla haijamshtua. Mkubwa anajifunza mimba, magonjwa, kukataa, na fasi ya kukimbilia. Wavulana pia wakae darasani, tafadhali. Mimba haiji yenyewe.

Desemba 2013, kule Cape Town, mawaziri wa afya na wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini waliahidi mafundisho haya kwa vijana. Nchi zote nne zinazogusa ziwa letu zilikuwemo: Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Ahadi ipo. Kinachokosekana ni mzazi wa kuiulizia.

Kila shule ina komite ya wazazi, COPA. Mkutano ujao, mama mmoja asimame aulize prefe: somo hili linafundishwa siku gani, na nani, na je, mwalimu huyo alipata formasio? Shule zetu nyingi ni za makanisa, kwa hiyo padri au mchungaji aalikwe mapema, asisikie habari sokoni. Tena watoto wawili watatu waingie mkutanoni, wasome maswali yao wenyewe.