Stoo iko ghorofa ya nne

Msomaji mmoja anayekaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ameniandikia kuhusu mwanawe wa kidato cha pili. Likizo ya Juni imeanza, mtoto yuko nyumbani, na upimaji wa kitaifa unamsubiri mwisho wa mwaka. Mama amemchorea ratiba kwa rula na kalamu za rangi: saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, somo juu ya somo, katikati dakika kumi za chai. Siku ya nne ratiba ikafa. Anauliza: dada, nimpangie saa ngapi ndipo atulie?

Ya kawaida sitayagusa. Meza, mwanga, simu ikae chumba kingine, usiku alale: mama huyu anayajua kunizidi. Kuhusu kelele, nina neno moja tu. Mngurumo wa jenereta unaokwenda vilevile ubongo huuzoea. Kinachovuruga kazi ni maneno ya watu yanayobadilikabadilika, maana yanagombania nafasi na yale unayojaribu kuyashika kichwani. Mawinga wakishaanza kuita wateja na spika ya machinga ikishaanza kutaja bei, vita imeshapotea. Basi ni alfajiri, au Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, ukishavuka viwanja vya Mnazi Mmoja. Ipo tangu 1967 na haidai nauli.

Kinachoniwasha mimi ni jambo jingine: daftari liko wazi au limefungwa?

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio rahisi kiasi cha kuudhi. Wanafunzi walipewa kifungu kifupi cha habari, kuhusu jua au kuhusu fisi-maji wa baharini. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, na vipindi vitatu vilivyobaki likapewa karatasi tupu: andika unachokumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma tu waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye mambo yakageuka. Waliosoma tu walibaki na asilimia 40, wenzao wa karatasi tupu 61. Na hao wa 40 walikuwa wamekipitia kifungu mara 14 hivi kwa wastani, wenzao mara tatu na ushei! Tena waliosoma sana ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka.

Kazi hii ya karatasi tupu tuiiteje? Nimewahi kuona "urejeshaji", nikahisi Bodi ya Mikopo inabisha hodi. "Uvutaji" unanuka sigara. Na kumbe siku zote tunasema kuvuta kumbukumbu, usemi wenye jasho ndani yake, tofauti na kukumbuka, ambako jambo linaweza kukujia lenyewe umekaa. Nitabaki na kuvuta, mhariri akipenda asipende.

Kwa nini kuvuta kunafanya kazi? Robert Bjork na Elizabeth Bjork, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipendekeza mwaka 1992 kwamba kila tunachokijua kina nguvu za aina mbili: kimehifadhiwa kwa kina gani, na sasa hivi kinafikika kwa wepesi gani. Mkazi wa Kariakoo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Fremu ya chini ni nyembamba, imetundikwa sampuli tu. Mzigo wenyewe uko stoo, ghorofa ya nne, pengine jengo la nyuma. Mteja akiagiza dazeni mbili za mashuka, mwenye duka anasema "ngoja kidogo, inaletwa", na kijana anatimka. Kijana mgeni anapotea ngazi, anafungua boksi la mapazia, anarudi mikono mitupu. Mashuka yapo. Njia ndiyo hana.

Njia hiyo hataijua kwa kukaa dukani akitazama sampuli, hata akizitazama mwezi mzima. Ataijua kwa kutumwa. Kila safari inamfundisha kona moja zaidi, na bidhaa zinazoulizwa sana anaanza kuzisogeza karibu na mlango wa stoo. Sasa chukulia boksi limeshateremshwa, liko juu ya kaunta. Ukimwambia alilete, ananyoosha mkono tu. Bosi anafurahia wepesi, ila kijana hajajifunza lolote. Kusoma tena ukurasa uliousoma sasa hivi ni kuchukua mzigo wa kaunta, na wepesi ule ndio uliowadanganya wanafunzi wa St. Louis. Kwa hoja ya akina Bjork, faida kubwa huja kaunta ikiwa tupu: boksi limerudishwa juu, kijana ameanza kusahau ngazi, ndipo unamtuma. Kusahau kidogo kunakuwa mtaji! Akileta boksi la mapazia, mrudishe palepale, kabla hajaizoea njia ya makosa. Ndiyo maana daftari lifunguliwe mara baada ya kuvuta, kwa kusahihisha. Tofauti ni kwamba stoo ya Kariakoo hujaa ikafurika hadi kwenye korido, na ya kichwani, kwa nadharia hii, haijai. Kinachopotea ni njia tu.

Na Kariakoo haikusubiri St. Louis. Madrasa za mitaa hii zinavuta siku zote. Mtoto anafunga msahafu, anakaa mbele ya ustadhi, anasoma kwa kichwa, akikwama anasahihishwa, kesho anaanza na ya jana, na za zamani zinarudiwa katika muraja'a zisije zikapotea. (Kuhifadhi neno kwa neno si kuelewa, sawa, tusonge.) Mtoto huyohuyo akitoka hapo, anafungua daftari la Baiolojia na kupiga msuli kwa macho, huku akipaka rangi kila mstari. Hakuna aliyemwambia kwamba mbinu ya ustadhi inaruhusiwa pia kwenye mfumo wa damu.

Lini ndipo kaunta inakuwa tupu kiasi cha kutosha? Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba baada ya siku moja, kujifunza upya orodha ileile kulimwokolea theluthi moja tu ya muda wa awali. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake waliwajaribu watu zaidi ya 1,300 kwa mambo madogomadogo ya maarifa, wakibadilisha nafasi kati ya kujifunza na kurudia. Mtihani ukiwa baada ya wiki moja, nafasi bora ilikuwa siku moja. Ukiwa baada ya siku 70, siku 21. Ukiwa karibu mwaka, siku 21 zilishinda tena. Kutoka likizo ya Juni mpaka upimaji ni miezi kadhaa, kwa hiyo tunaangukia kwenye wiki tatu, na wiki tatu zinaenea ndani ya likizo yenyewe kana kwamba Wizara ilipanga.

Basi mama aikunje ile ratiba ya saa nane. Asubuhi mapema, mada moja. Tuseme ni moyo. Mtoto anausoma mara moja, anafunga, anachora vyumba vinne na mishale ya damu, anaandika majina. Atasita damu inakotokea kwenda kwenye mapafu. Afungue, asahihishe kwa kalamu nyekundu, kisha amweleze mdogo wake kwa Kiswahili, halafu aandike kwa Kiingereza, maana upimaji unataka Kiingereza. Kesho yake avute tena moyo bila kusoma kwanza, ndipo aanze mada mpya. Jioni achukue kitabu cha mitihani iliyopita, vile vinavyopangwa chini pembeni ya barabara, na ajibu maswali yaliyochanganywa, ya Hesabu hasa, ili kila swali alitafutie njia upya.

Wiki ya mwisho ya likizo moyo urudi. Atalalamika kwamba amesahau nusu. Mama asikimbilie kumpa daftari. Ampe karatasi tupu kwanza.