Michezo ya ubao ya kisasa: faida zake na magumu yake kambini



Katika kambi za wakimbizi wa ndani, na katika jamaa zinazowapokea, siku ni ndefu. Mashamba yamebaki nyuma, kazi ni haba, na vijana wanakaa chini ya shitingi wakingoja jua lizame. Wenye kutafuta vijana wa kuingiza katika vikundi vyenye silaha wanaujua vizuri muda huo. Ndiyo sababu sisi tunaofanya kazi ya amani hatuhesabu mchezo kuwa jambo la watoto tu.

Dame, ludo na karata tunazijua sote. Mchezo wa mashimo na mbegu 64, ambao wasemaji wa Kinyarwanda huuita igisoro na watu wa pwani huuita bao, ni wa wazee wetu. Lakini kuna pia michezo mipya iliyotoka Ulaya na Marekani. Viongozi wanatuuliza: inatofautiana wapi na ile yetu, na inaweza kutusaidia nini?

Michezo hii ni ya namna gani?

Katika dame, mmoja anashinda na mwingine anashindwa. Katika ludo, dadu inaamua karibu yote. Michezo mingi ya kisasa inawalazimisha wachezaji wazungumze. Tutoe mifano mitatu.

Catan ilitoka Ujerumani mwaka 1995. Wachezaji 3 au 4 wanajenga makao na barabara katika kisiwa. Mmoja ana mbao, mwingine ana nafaka, mwingine ana udongo wa matofali. Ni vigumu mtu kufika mbali bila kubadilishana na wenzake, kwa hiyo anajifunza kuomba, kutoa na kutimiza neno lake.

Dixit ilitolewa mwaka 2008, na aliyeitunga ni daktari Mfaransa wa magonjwa ya akili ya watoto. Mchezaji anachagua picha kwa siri na kusema neno moja au sentensi juu yake. Wenzake wanatafuta picha hiyo kati ya nyingine. Wote wakiitambua, au asipatikane hata mmoja wa kuitambua, msemaji hapati kitu. Mchezo huu hauombi kusoma, na kila mtu anaweza kusema kwa lugha inayoeleweka na kundi.

Pandemic pia ni ya mwaka 2008. Hapa wachezaji hawapigani wao kwa wao. Wako upande mmoja, wanapambana na magonjwa manne yanayoenea katika miji 48 ya dunia, na Kinshasa ni mmoja wao. Kila mtu ana kazi yake, na wote wanashinda au wanashindwa pamoja. Kwa watu waliotoka vijiji vilivyogombana, kukaa meza moja na kumtegemea jirani kwa dakika 45 si jambo dogo.

Magumu yake ni yapi?

Kwanza, bei. Sanduku moja linaweza kupita dola 30. Mama aliyekosa unga akiona sanduku hilo, ana haki ya kuuliza. Tena kete zikipotea au mvua ikilowesha karata, mchezo umekwisha.

Pili, lugha. Masharti yanakuja mara nyingi kwa Kiingereza au Kifaransa. Anayeyasoma peke yake anageuka mwamuzi, na wengine wanaanza kushuku kwamba anawadanganya. Shaka ndogo kama hiyo, kati ya watu wenye vidonda, inaweza kuzaa ugomvi mkubwa.

Tatu, vidonda vyenyewe. Catan inaonyesha ardhi isiyo na mwenyewe, na tena ina mnyang'anyi. Kwa jamaa iliyofukuzwa katika shamba lake Masisi au Djugu, hilo si mchezo. Vilevile, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Aliyezika watu wake wakati ule hawezi kuwekewa mbele mchezo wa magonjwa bila kuulizwa kwanza.

Nne, mkubwa mmoja. Katika michezo ya kushirikiana, mwenye sauti kubwa anaweza kuamuru kila mtu la kufanya. Wengine wanasogeza kete tu. Hapo tunakuwa tumerudia ubaya ule ule tunaotaka kuuponya: mmoja kuwaamulia wote.

Tano, pesa. Mchezo ukiingiwa na dau, mshindwa anarudi nyumbani bila chakula cha watoto.

Tufanye nini?

- Masharti yaelezwe kwa sauti, kwa lugha ya kila kundi, mbele ya wote, kabla ya kuanza.
- Ubao uchorwe kwenye katoni, na vizibo vya soda viwe kete. Tusitumie maharagwe mahali ambapo watu wana njaa.
- Jina na hadithi ya mchezo vibadilishwe kama vinachoma. Magonjwa yanaweza kuwa moto wa msituni au mafuriko, na hesabu ya mchezo inabaki ile ile.
- Kila mchezaji aseme wazo lake kabla ya mwenye sauti kubwa kusema.
- Dau likatazwe kabisa, na prezida wa kambi awe wa kwanza kulitii katazo hilo.
- Saa ichaguliwe pamoja na akina mama. Saa ya kuchota maji na kutafuta kuni inawafungia nje.
- Wenyeji waalikwe pia, ili wasione kambi inapewa kila kitu na wao hawapewi.
- Baada ya mchezo, watu wapewe muda wa kusema waliyoyaona. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza.

Mchezo hauwezi kurudisha shamba wala kusimamisha vita. Unaweza tu kuwazoeza watu kuzungumza, kungoja zamu na kukubali kushindwa bila kushika panga. Viongozi ndio watakaoona kama mazoezi hayo yanafaa watu wao.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Ni mchezo gani wa wazee wetu unaoweza kukutanisha wakimbizi na wenyeji?
2. Hapa kwetu, ni nani hapati nafasi ya kucheza, na kwa nini?
3. Katika mikutano yetu, ni nani anayewaamulia wengine?